Kifua Changu, Kadi ya Mama

Mngurumo ulitufikia kabla ya kitu chochote kuonekana. Ukungu ulikuwa bado umelala juu ya paa za nyasi, mtu hakuweza kuona hata kibanda cha jirani, lakini sote tulisikia: injini iliyonguruma mahali pamoja, haiji wala haiendi. Katika miaka ile ya Hali ya Hatari tulikuwa tumejifunza kuyatambua magari kwa masikio. Lori la askari lilipanda mlima likibadilisha gia kwa shida, kisha likanyamaza, na kule kunyamaza ndiko kulikotutia hofu. Hili halikunyamaza. Liliendelea kwa sauti ile ile, kama mwanamke anayesaga wimbi asiyechoka.

Mama alikuwa akikoroga uji. Mwiko ukasimama mkononi mwake.

"Hilo si la askari," alisema. Kisha, baada ya kusikiliza tena, "Afadhali lingekuwa la askari."

Nilijua alichokuwa akikihofia.

Tulikuwa tunaishi kwenye kijiji kimoja kikubwa, juu ya mteremko upande wa Runyenjes, mahali ambapo serikali ilikuwa imetukusanya kutoka mashambani mwetu. Kijiji kilizungukwa na uzio na handaki lililosimikwa vijiti vilivyochongwa, na lango lake lililindwa na homugadi, mlinzi wa upande wa serikali. Karibu wote tuliokuwa ndani tulikuwa wanawake, watoto na wazee. Baba alikuwa amezuiliwa na serikali kambini, mbali, mwaka wa pili huo. Shule yangu ilikuwa imefungwa. Nilikuwa na miaka kumi na sita, nikiamka kila asubuhi kwenda kuchimba handaki pamoja na Mama, na vumbi la kazi ile ndilo tulilolilaumu kwa kikohozi changu.

Wiki moja kabla ya asubuhi ile, hedimani, mkuu wa kijiji, alikuwa ametoa matangazo mawili barazani. La kwanza lilikuwa kwamba waliokula kiapo cha wapiganaji wa msituni na hawajatubu wamepewa nafasi ya mwisho. La pili lilikuwa kwamba mashine inakuja, mashine inayoona mpaka ndani ya kifua cha mtu, na kila nyumba itatoa mtu mzima mmoja, aliyeandikiwa kadi, asimame mbele yake. Alisema yote mawili kwa pumzi moja kwa sababu jua lilikuwa kali na alitaka kwenda kukaa kivulini. Hakuna aliyetudanganya. Tuliyaunganisha sisi wenyewe.

Mama alikuwa amekula kiapo. Waliitwa jioni moja, yeye na wanawake wengine, wakapewa kipande cha nyama na maneno ya kurudia. Kwake yeye, na kwa wengi wa rika lake, kitu kile kilikuwa bado kimo ndani. Kiliingia kwa mdomo, hakikutoka. Mashine ya kuona ndani ingekosaje kukiona?

Basi wanawake walilipanga jambo lile huko handakini, huku majembe yakipanda na kushuka na homugadi akipiga miayo juu yetu. Nyumba yenye mtu aliyekula kiapo itatuma mtu asiyekula, na kadi ya mwenye nyumba. Wasichana kama mimi tukapewa vilemba na leso za mama zetu. Na kulikuwa na bibi mmoja, tulimwita Cucu kama bibi wote wanavyoitwa kwetu, ambaye alikikataa kiapo kwa ajili ya kanisa lake, akapigwa kwa kukataa. Kifua chake kilikuwa safi, kila mtu alijua. Cucu alikubali kukiazimisha kwa nyumba tatu.

"Sitaki kitu," alisema. "Nileteeni tu leso tatu tofauti, nipate kupendeza."

Ukungu ulipoinuka tuliliona lori lenyewe. Lilikuwa refu, lina chumba kama nyumba mgongoni, na pembeni yake jenereta ndogo iliyotetemeka juu ya nyasi kama mbuzi mwenye homa. Kijana aliyelifanyia kazi alikuwa msaidizi wa daktari, dresa, mtu wa Meru. Alitusemesha Kimeru, nasi tukamjibu Kiembu, tukaelewana. Kwa homugadi alitumia Kiswahili.

Nilipanda ngazi na kadi ya Mama mkononi. Ndani kulikuwa na harufu ya siki na chuma kilichopata moto. Dresa alisoma jina, akaangalia mashine yake, hakuniangalia mimi. Nadhani alikuwa ameona nyuso nyingi mno asubuhi ile.

"Kidevu hapa. Mabega mbele. Vuta pumzi, ishike."

Bamba lilikuwa baridi kama maji ya mto. Nikavuta pumzi, kikohozi nacho kikaja juu yake.

"Mama, nimesema ushike pumzi, sikusema ushike kikohozi. Tena."

Mara ya pili niliweza. Mashine ikapiga mlio mfupi, kama ulimi wa mtu anayeonja kitu kichungu. Ikawa basi.

Niliposhuka, Cucu alikuwa anapanda kwa mara ya tatu, na leso ya maua mekundu. Nilimsikia dresa akiuliza, "Cucu, wewe nimekuona wapi?"

"Duniani, mwanangu. Nimekuwa hapa siku nyingi."

Wanawake waliokuwa kwenye mstari waliinamisha vichwa ili wasicheke. Jioni ile Mama alinichomea ndizi mbili peke yangu. Tulidhani tumepona.

Zilipita wiki kadhaa, mvua zikaanza, na asubuhi moja mngurumo ule ukarudi. Safari hii hedimani alikuja barazani na karatasi. Akasoma majina machache ya watu ambao mashine ilikuwa imeona ugonjwa kwenye mapafu yao. Hao wafike kwenye lori siku hiyo hiyo, kisha wapelekwe hospitali mjini Embu. Jina la tatu lilikuwa la Mama.

Nilimwona akifungua mdomo kama mtu anayetaka kuitika. Kisha akageuza shingo polepole na kunitazama mimi. Sikumbuki kama nilikohoa wakati ule. Nakumbuka kwamba alikuwa akikitazama kifua changu.

Jirani yetu, mwanamke mkali mwenye moyo mwema, alitufuata mpaka kibandani.

"Kuna shida gani?" alisema. "Mfunge kilemba, umtume tena na kadi ile ile. Atalazwa kwa jina lako, atatibiwa, atarudi. Nani atajua?"

"Na mimi nitakuwa nani?" Mama aliuliza.

"Utakuwa wewe. Tutakuficha kwetu wakija kuhesabu watu."

"Mwaka mzima?"

"Hata miwili! Ukienda kusema kadi zilibadilishwa, watakuuliza kwa nini. Utajibu nini? Utajibu ulikuwa unaumwa na miguu? Watakuchukua, mama. Hawa wadogo wawili utamwachia nani, kuku?"

Mama alikaa chini kando ya mafiga. Wadogo zangu walikuwa wanagombania kipande cha nduma, hawana habari. Nilipomtazama nilijua alikuwa anapima vitu viwili ambavyo havina mizani. Hatimaye akasema, bila kumtazama jirani:

"Na akifa huko? Kwa jina langu? Baba yake ataandikiwa barua kambini kwamba nimekufa mimi. Na mtoto wake atazikwa bila mtu kuandika kwamba aliwahi kuwako."

Mama akafunga leso yake vizuri, akanishika mkono, si kama mtu anayemshika msichana wa miaka kumi na sita bali kama anayevusha mtoto mto. "Twende, mwari," akasema, neno letu la kumwita binti, ambalo hakuwa amelitumia tangu Baba achukuliwe.

Homugadi alikuwa amesimama kwenye ngazi za lori, bunduki begani. Mama alimwambia anataka kusema na daktari.

"Sema hapa hapa. Mimi ndiye sikio la serikali."

Dresa alitokeza kichwa mlangoni. Mama akainua kadi yake.

"Daktari, kadi hii ni yangu," alisema. "Kifua si changu. Ni cha huyu."

Homugadi alishusha bunduki begani. "Ati? Kwa nini umtume mtoto? Unaficha nini?"

Jenereta iliendelea kunguruma. Nyuma yetu, kando ya uzio, wanawake walikuwa wamesogea. Dresa alimtazama Mama, akanitazama mimi, kwa mara ya kwanza nadhani, kisha akasema kwa sauti ya mtu mwenye haraka:

"Ingieni, nyote wawili. Askari, funga mlango huo, mwangaza unaniharibia picha."

"Nifunge nikiwa ndani au nje?"

"Nje. Humu hamna nafasi ya mtu na bunduki."

Mlango ukafungwa. Tulikuwa kwenye chumba kidogo cha kusafishia picha, chenye taa moja nyekundu iliyofifia kama kaa la moto chini ya majivu. Nilisikia maji yakidondoka mahali fulani. Dresa hakuuliza kwa nini. Aliwasha taa nyingine iliyokuwa nyuma ya kioo cheupe, akabandika juu yake picha tatu, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu nikaona mtu alivyo ndani: mbavu zilizopangwa kama fito za ukuta kabla ya kukandikwa udongo.

"Hizi zina majina ya wanawake watatu wa nyumba tatu," alisema. "Tazameni mfupa huu wa bega. Ulivunjika zamani, ukaunga vibaya. Hapa. Na hapa. Na hapa. Wanawake watatu, na wote wamevunjika mfupa ule ule, mahali pale pale."

Mama alicheka. Alikuwa na hofu kuliko nilivyowahi kumwona, lakini alicheka, akaziba mdomo.

"Cucu," alisema.

"Cucu," dresa akakubali. "Nilipoziona hizi nilijua nimeleta mashine hapa bure. Sijui ni kifua kipi ni cha nani. Nikimtibu asiye mgonjwa na kumwacha mgonjwa nyumbani, afadhali nisingekuja." Akatugeukia. "Mnadhani inaona kiapo."

Dresa alivuta bahasha kutoka rafuni, akatoa picha nyingine na kuibandika kwenye kioo.

"Kila anayefanya kazi na mashine hii hupigwa picha kwanza. Huyu ni mimi. Mama, unafikiri mwaka ule mlipoitwa nyinyi, mimi nilikuwa wapi? Nilikuwa nyumbani kwetu. Niliitwa jioni, kama wewe. Nilimeza, kama wewe. Picha hii nilipigwa baadaye. Tafuta."

Mama alisogea. Alifuata ubavu mmoja mmoja kwa ncha ya kidole, bila kugusa, kutoka juu mpaka chini, upande huu na upande ule, kama mtu anayetafuta kisicho mchele ndani ya ungo. Alichukua muda mrefu. Dresa hakumharakisha.

"Hakuna kitu," alisema mwishowe.

"Hakuna kitu."

"Na huyu wangu?"

Aliibandika yangu. Chini kidogo ya bega la kushoto kulikuwa na doa, kubwa kama kidole gumba, lenye kingo zilizofifia, mfano wa pumzi juu ya kioo.

"Hiki ndicho inachokiona," dresa alisema. "Hiki tu. Zamani ningekuambia umwombee. Sasa kuna sindano na kuna vidonge, na kwa kuwa tumemwona mapema, vitamfaa. Lakini dawa hupimwa kwa umri na uzito wa mwenyewe. Kwa kadi yako ningempa dawa yako."

Alichukua kadi mpya, akaniuliza jina langu na umri wangu, akaandika. Kwenye kadi ya Mama aliandika kwamba zilichanganywa siku ya kwanza kwa sababu ya msongamano wa watu. Kisha akakaa na kalamu mkononi.

"Nahitaji wote warudi, kila mtu na kadi yake. Na siwezi kuwaambia nilichokuambia."

"Sijasikia kitu," Mama alisema. "Humu ndani mna giza." Akafungua leso mabegani. "Nipige mimi kwanza. Wanione nikitoka."

Alipotoka, wanawake wote walikuwa wamejibana kwenye uzio kuona kama atafungwa pingu. Homugadi alisoma kadi mbili alizopewa na dresa, akatafuta kosa, hakulipata.

"Imeona nini?" mmoja akaita.

"Mbavu."

"Mbavu tu?"

"Na moyo. Nimeonyeshwa, uko upande huu."

"Na uchoyo wako haikuuona? Ule wa chumvi?"

"Ule uko kwenye ini," Mama alijibu, "na mashine haijafika huko. Leteni kadi zenu. Kila mtu na yake."

Hawakuja wote mara moja. Walikuja wawili, wakatoka, wakaja watano. Jirani yetu alipanda ngazi akiwa amekunja uso kama anayekwenda kupigana, akashuka akilalamika kwamba bamba ni baridi na mtu angeweza angalau kulipasha moto. Kufikia alasiri mstari ulifika karibu na handaki. Na kabla lori halijaondoka, homugadi wetu aliegemeza bunduki yake kwenye gurudumu, akatazama huku na huku, akaingia mwenyewe. Alikaa ndani zaidi ya watu wengine. Alitoka akipiga mluzi. Hatukumuuliza kitu, wala yeye hakutuambia, lakini tangu siku ile alikuwa mpole kidogo langoni.

Mimi nilipewa pasi ya kusafiri, nikalazwa mjini Embu kwa miezi miwili. Sindano ya kila siku iliniacha nikikaa upande mmoja kama kuku anayeatamia. Wodi ilikuwa na madirisha yaliyoachwa wazi hata mvua iliponyesha, na wazee waliokuwa hapo kabla yangu, waliolazwa wakati ambapo hapakuwa na dawa ila hewa na mapumziko, walivitazama vidonge vyangu kwa wivu mpaka nao wakapewa vyao. Mmoja wao alivimeza huku amevua kofia.

Kisha wakanirudisha nyumbani. Hilo lilikuwa jambo jipya hata kwa wauguzi: mgonjwa wa kifua kutibiwa kibandani kwake, na vidonge kwenye mkebe. Walihofia tungesahau, au tungegawana na majirani. Hawakumjua Mama. Aliufunga mkebe kwenye nguzo ya kati, na kila nilipomeza alichora mstari wa mkaa ukutani mbele ya macho yangu. Bila kumeza, hapakuwa na mstari. Bila mstari, hapakuwa na uji. Na kwa kuwa kila mtu alipaswa kupita langoni asubuhi, homugadi naye akajipa kazi.

"Umemeza?"

"Nimemeza."

"Toa ulimi."

"Wewe ni daktari?"

"Mimi ni sikio la serikali. Leo nimekuwa na jicho pia."

Ukuta ulijaa mistari. Mama akaanza ukuta wa pili. Nilinenepa, nikaacha kutoa jasho, na siku moja nilipokuwa nabeba maji kutoka mtoni nilifika juu kabisa, nikatua mtungi, ndipo nikatambua kwamba sikuwa nimepumzika njiani.

Lori lilirudi mwaka uliofuata. Handaki lilikuwa limeanza kufukiwa, na vijiti vyake tulikuwa tunavitumia kuni. Nilipanda ngazi na kadi yenye jina langu. Dresa alinikumbuka, akanipanga kama zamani, kidevu hapa, mabega mbele, na niliposhika pumzi ilishikika. Akaingia chumba cha giza. Mama alisubiri chini kwenye nyasi. Hakuwa ameketi.

Baadaye dresa aliniita humo, akabandika picha mbili kwenye kioo. Ya kwanza bado ilikuwa na jina la Mama pembeni, limekatwa kwa mstari mmoja, na jina langu juu yake. Ya pili ilikuwa na maji bado. Nilitafuta chini ya bega la kushoto kama Mama alivyotafuta siku ile, ubavu kwa ubavu. Mahali pa doa palikuwa na kovu jembamba, jeupe, kama uzi uliosahaulika kwenye nguo iliyokwisha kushonwa.

"Hilo litabaki," dresa alisema. "Ni alama tu. Ukipigwa picha popote, watakuuliza, uwaambie limepona."

"Nimwambie Mama?"

"Mwonyeshe mwenyewe," akasema, akanipa picha ile ya pili mkononi, akionya nisiguse katikati mpaka ikauke.

Kwenye ngazi nilipishana na Cucu akipanda, amevaa leso moja tu, akiinua kadi yake juu dresa aione.

"Leo nimekuja na kifua kimoja, mwanangu."

"Nakijua, Cucu. Karibu ndani."

Nilishuka nikiwa nimeishika picha kwa pembe zake, juu, kuelekea kwenye jua, na Mama akaanza kutembea kunijia. Nyuma yangu dresa alivuta mlango wa lori na kuufunga, kwa sababu picha ya Cucu ilihitaji giza.